Ubao Nyuma ya Kamera: Wachekeshaji wa Kale na Lugha Zisizo Zao

Katika mikutano ya chama chetu, baada ya mambo mazito kwisha, tuna desturi ya kuulizana maswali madogo madogo ya kuburudisha. Mara nyingi maswali hayo huwahusu wachekeshaji na waimbaji wa sinema za kale. Mmoja atasema kwamba Charlie Chaplin alizaliwa siku nne tu kabla ya Hitler, mwezi wa Aprili mwaka 1889. Mwingine atasema kwamba Chaplin huyo huyo aliingia siku moja katika mashindano ya watu wanaojifananisha na Chaplin, akashindwa. Watu hucheka, chai hunywewa, na kila mtu hurudi kwake.

Hatuna nia ya kuibeza desturi hiyo. Hata hivyo, mhakiki hana budi kuuliza: habari hizi ndogo ndogo zina faida gani kwa mtu anayetaka kuielewa kazi ya sanaa? Sisi tunaziona kuwa za aina tatu. Aina ya kwanza ni porojo. Ile hadithi ya mashindano haina ushahidi wa kutegemewa. Huendelea kusimuliwa kwa kuwa ni tamu, na utamu haujapata kuwa shahidi. Aina ya pili ni habari za kweli zinazobaki nje ya kazi yenyewe. Ni kweli kwamba Chaplin na Hitler walipishana siku nne kuzaliwa, lakini anayeitazama The Great Dictator ya mwaka 1940 haoni jambo jipya hata moja kwa kuzijua tarehe hizo. Aina ya tatu, iliyo adimu, ni habari za kweli ambazo huingia ndani ya picha na kubadili tunachokiona.

Tutoe mfano mmoja. Wengi wameiona picha ya Harold Lloyd, kijana mwenye miwani ya mviringo, akining'inia kwenye mshale wa saa kubwa juu ya barabara ya mji katika filamu ya Safety Last! ya mwaka 1923. Wachache wanajua kwamba mwaka 1919, alipokuwa akipigwa picha za matangazo, Lloyd alishika bomu alilodhani ni la mchezo tu. Likamlipukia, akapoteza kidole gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Katika filamu zilizofuata alivaa glavu iliyotengenezwa kwa ustadi ili kulificha pengo hilo. Ni kweli kwamba jukwaa lilijengwa juu ya paa, na kamera iliwekwa kwa hila ili kimo kionekane kirefu kuliko kilivyokuwa. Hata hivyo, aijuaye habari ya ile glavu hawezi tena kuutazama mkono ulioshika saa kama alivyoutazama kwanza. Habari hiyo imemrudisha kwenye filamu, na filamu imekuwa nzito zaidi.

Katika makala haya tumekusudia kuzieleza habari chache za aina hiyo ya tatu, zihusuzo jambo moja tu: mchekeshaji na lugha isiyo yake. Tumelichagua jambo hilo kwa sababu linagusa kazi yetu ya kufundisha Kiswahili katika nchi hizi jirani, na kwa sababu linagusa kosa ambalo sisi wenyewe tulilifanya darasani.

Sisi tulizaliwa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya barazani. Mwanafunzi tunayemkumbuka alitoka milimani, ambako mtoto hunyonya Kirundi pamoja na maziwa. Kwa Kirundi, kalamu huitwa ikaramu. Siku moja alisimama akasema kwa heshima zote, "Mwalimu, nimesahau karamu yangu nyumbani." Badala ya kumpa kalamu, tulimjibu kwamba ni hasara kubwa kuiacha karamu nyumbani, na kwamba tunatumaini pilau halitaharibika kabla hajarudi. Darasa zima liliangua kicheko. Naye alicheka kidogo, akaketi. Tangu siku ile hadi alipoondoka shuleni hakusimama tena kwa hiari yake kusema Kiswahili mbele ya watu.

Kwa muda mrefu tulijiliwaza kwamba ule ulikuwa mzaha tu, na kwamba mwalimu mcheshi ni bora kuliko mwalimu mkali. Ni katika kuzisoma habari za wachekeshaji wenyewe, watu ambao riziki yao ilikuwa kicheko, ndipo tulipoanza kulitilia shaka liwazo hilo.

Sauti ilipoingia katika sinema

Kabla ya mwaka 1927 mchekeshaji wa sinema hakuwa na lugha, na kwa hiyo alikuwa na lugha zote. Filamu ilipofika Madrid au Berlin, kilichobadilishwa ni vibao vya maandishi tu vilivyotiwa kati ya picha na picha. Kuanguka ni kuanguka, na kofia iliyopeperushwa na upepo haihitaji mfasiri. Mwezi wa Oktoba mwaka huo filamu ya The Jazz Singer, ambamo mwimbaji Al Jolson alisikika akiimba na kusema, ilifungua mlango ambao haukufungwa tena. Miaka michache baadaye watazamaji wa kila nchi walitaka kusikia. Mchekeshaji aliyependwa duniani kote alijikuta ana ulimi mmoja tu, na ulimi huo haukufahamika kwa sehemu kubwa ya wateja wake.

Ufundi wa kutia sauti mpya juu ya picha iliyokwisha kupigwa ulikuwa bado mchanga. Baadhi ya makampuni ya Hollywood yakachagua njia ambayo leo huonekana kama kichaa: kuipiga filamu ile ile mara mbili, tatu, hata tano, kila mara kwa lugha nyingine. Buster Keaton, mwenye uso usiotabasamu, alilazimika kusema Kihispania katika Estrellados ya mwaka 1930. Hata hivyo, waliokwenda mbali zaidi katika njia hiyo ni Stan Laurel na Oliver Hardy, yule mwembamba na yule mnene.

Laurel alizaliwa Ulverston, Uingereza, mwaka 1890, na Hardy alizaliwa Harlem, katika jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 1892. Hapana hata mmoja kati yao aliyekuwa bingwa wa lugha za kigeni. Filamu yao ndefu ya kwanza, Pardon Us ya mwaka 1931, ilipigwa kwa Kiingereza, Kihispania, Kifaransa, Kijerumani na Kiitaliano. Waigizaji wengine waliwekwa kando na nafasi zao kushikwa na wenye lugha, lakini Laurel na Hardy hawakuweza kubadilishwa. Watu walilipa kuwaona wao.

Walifanyaje? Mwalimu wa lugha aliajiriwa. Maneno yaliandikwa ubaoni kwa jinsi yanavyotamkwa, kwa tahajia ambayo Mwingereza na Mmarekani wangeweza kuisoma, na ubao ukawekwa nyuma ya kamera mahali ambapo mtazamaji hauoni. Wakafanya onyesho kwa lugha moja, kisha wakalirudia kwa nyingine, na nyingine tena. Baadhi ya filamu hizo zimepotea, lakini nyingine zimesalia, na katika zile za Kihispania tunaweza kuwasikia.

Habari ya ule ubao ni ya aina ya tatu. Mtazamaji asiyeijua huona watu wawili wanaosema Kihispania kibovu. Anayeijua huona kwamba ubovu ule umekaa juu ya tabia zao kama nguo iliyokatwa na fundi mzuri. Hardy, katika filamu zao zote, ni mtu wa adabu kubwa na akili ndogo. Hupanga maneno yake polepole, hushika tai yake, huinamisha kichwa, hutaka dunia imheshimu. Lugha ngeni humwongezea upole huo, kwa maana kila silabi imetamkwa kwa uangalifu wa mtu anayebeba sinia ya vikombe. Laurel naye ni mtu ambaye mawazo humfikia kwa kuchelewa. Anaponyamaza kabla ya kujibu, hatuwezi kujua kama ni mhusika anayetafuta wazo au ni mwigizaji anayetafuta mstari wake ubaoni. Kwa sanaa yake, mambo hayo mawili ni jambo moja.

Tusiwapake wenye filamu rangi ya utakatifu. Kazi hii ilikuwa biashara. Kampuni ya Hal Roach ilitaka soko la Hispania na Amerika ya Kusini, na ili filamu fupi iweze kuuzwa kama ndefu, ilijazwa mambo ambayo hayakuwa na haja. Katika Politiquerías ya mwaka 1931, iliyokuwa marudio ya Chickens Come Home kwa Kihispania, hadithi husimama ili mtu mmoja aitwaye Hadji Ali, mwenye asili ya Misri, aonyeshe kipaji chake: hunywa maji na mafuta ya taa, huyatapika mafuta juu ya moto ukawaka, kisha huyatapika maji na kuuzima. Ni ajabu ya kutazamwa, lakini kama sehemu ya hadithi ni kiraka. Mara tu ufundi wa kutia sauti ulipokomaa na kuwa rahisi, ubao uliondolewa na mwalimu wa lugha akarudi kwake.

Kosa lililopendwa

Kisa hiki kina mwisho usiotazamiwa, na mwisho huo ulitokea Italia. Serikali ya Mussolini ilikuwa imekataza tangu mwaka 1930 filamu zisemazo lugha za kigeni, na ilikuwa na juhudi kubwa ya kukisafisha Kiitaliano kwa kuyafukuza maneno ya nje. Kwa hiyo filamu za Laurel na Hardy zilitiwa sauti na Waitalia wenyewe, ambao bila shaka waliweza kusema Kiitaliano safi kabisa. Hawakufanya hivyo. Waliiga lafudhi ya wageni wasomao ubaoni, kwa kuwa watazamaji walikuwa wamekwisha kuizoea na kuipenda. Neno la Kiitaliano stupido, ambalo mkazo wake huwa katika silabi ya kwanza, wao walilitamka kwa mkazo katika silabi ya pili, yaani mahali pale pale ambapo Mswahili angeuweka. Matamshi hayo bado hukumbukwa huko hadi leo, pamoja na majina waliyopewa wawili hao, Stanlio na Ollio.

Sauti ya Hardy iliyojulikana kuliko zote ilikuwa ya Alberto Sordi, mwana wa Roma, aliyezaliwa mwaka 1920. Aliipata kazi hiyo mwaka 1937, akiwa bado kijana mbichi, kwa kushinda shindano. Maelezo yajulikanayo sana ya maisha yake yanasema kwamba kabla ya hapo alikuwa ameondolewa katika chuo cha maigizo cha Milano kwa sababu ya lafudhi yake ya Kiroma, ambayo walimu waliiona haifai jukwaani. Baadaye Sordi akawa mmoja wa wachekeshaji wakubwa kabisa wa sinema ya Italia, na lafudhi ile ile ikawa sehemu ya utajiri wake. Mwenzake Mauro Zambuto, aliyekuwa sauti ya Laurel, alikwenda Marekani akawa profesa wa uhandisi. Tunawaomba wenzetu wakitafakari kisa hiki kwa makini. Walimu wa matamshi walimfukuza kijana kwa lafudhi yake, kisha taifa zima likampenda kwa lafudhi ya kuazima.

Je, kicheko cha Waitalia kilikuwa tofauti na kicheko cha darasa letu? Tunadhani kilikuwa tofauti, kwa sababu tatu zinazoonekana katika filamu zenyewe.

Kwanza, Laurel na Hardy si wajinga kwa sababu ya lafudhi. Wajinga walikuwa tangu zamani, hata kwa Kiingereza chao wenyewe. Lafudhi ni pambo la ujinga wao, wala si ushahidi wake. Yule mwanafunzi wetu hakuwa mjinga. Sisi ndio tuliyoifanya lafudhi yake ionekane kuwa ushahidi.

Pili, waliokosea walikuwa watu wenye nguvu. Walikuwa nyota wa Hollywood, na aliyekaa kitini mjini Napoli alipata kwa saa moja furaha ya kuwasikia wakubwa wa dunia wakijikwaa katika lugha yake. Kicheko hicho kilitoka chini kikaenda juu. Chetu kilitoka kwa mwalimu kikamshukia mtoto.

Tatu, na hili ndilo lenye uzito zaidi kwetu, wale walikuwa wawili. Hardy akikosea, Laurel yuko pembeni yake naye anakosea, na kosa la mmoja humpokea mwenzake. Hapana anayekosea peke yake. Mtoto aliyesimama mbele ya wenzake arobaini hana mwenzi.

Kuhusu sauti za kuazima, tusisahau kwamba Laurel alikwisha kuazimwa sauti hata katika lugha yake. Katika Way Out West ya mwaka 1937 wawili hao wanaimba wimbo kwenye kaunta ya baa. Hardy, aliyekuwa na sauti nzuri ya kuimba tangu utotoni, anaimba kwa ulimi wake mwenyewe. Laurel anapoteremka ghafula kwenye sauti nene ya chini, sauti hiyo ni ya mwigizaji Chill Wills. Na anapopigwa nyundo kichwani na kupanda juu kama mwanamke, sauti ni ya Rosina Lawrence. Mwaka 1975, wakati wote wawili wamekwisha kufariki, rekodi ya wimbo huo ilitolewa Uingereza ikapanda hadi nafasi ya pili katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana.

Aliyejivika lafudhi na aliyenyamaza

Ndugu wa Marx, wana wa wahamiaji wa Kiyahudi mjini New York, wanatupa mfano wa namna nyingine. Chico, aliyekuwa mkubwa wao, alisema Kiingereza cha Mwitalia mhamiaji katika filamu zote, ingawa hakuwa Mwitalia. Wakati ule majukwaa ya Marekani yalikuwa yamejaa wachekeshaji wa lafudhi: Mjerumani wa kubuni, Muairishi wa kubuni, Myahudi wa kubuni. Nyingi ya kazi hizo zimekufa, na zilistahili kufa, kwa kuwa hazikuwa na la kusema isipokuwa kwamba mgeni ni mtu wa kuchekwa.

Kwa nini Chico hakufa nazo? Katika Animal Crackers ya mwaka 1930 kuna tajiri ajifanyaye bwana mkubwa wa Ulaya. Chico na nduguye wanamtambua: zamani alikuwa mchuuzi wa samaki. Tajiri, akiisha kubanwa, anamgeukia Chico na kumwuliza yeye amepataje kuwa Mwitalia. Chico analikwepa swali. Kwa kitambo kifupi filamu imekiri kwamba lafudhi yake ni vazi tu, na kwamba bwana mkubwa naye amevaa la kwake. Zaidi ya hayo, Chico hashindwi kamwe katika mabishano. Kwa kile Kiingereza chake kibovu huwafunga midomo wasomi. Lafudhi ni silaha mkononi mwa aliyeishika. Hata hivyo hatuoni kwamba hoja hiyo inamsafisha kabisa. Mwitalia wa kweli aliyeshuka melini hakuwa na uwezo wa kulivua vazi hilo jioni.

Nduguye, Harpo, alichagua kimya. Watazamaji wengi waliamini kwamba alikuwa bubu, hakuwa. Alisema vizuri kabisa, kwa lafudhi ya mitaa ya New York. Kwa kadiri alivyosimulia mwenyewe katika kumbukumbu zake za mwaka 1961, kimya chake kilianza wakati mjomba wao, Al Shean, alipoandika mchezo uliompa maneno machache tu, na mhakiki wa gazeti la mji mmoja akaandika kwamba kijana huyu ni hodari wa kuigiza kwa viungo lakini huharibu kila kitu anapofungua kinywa. Akakifunga, na kukifunga huko kukamfanya awe mkubwa.

Katika kumbukumbu hizo hizo amesimulia habari nyingine, ambayo mwalimu haisomi kwa furaha. Harpo aliacha shule akiwa na umri wa miaka 8, katika darasa la pili. Wavulana wawili wakubwa kuliko yeye walikuwa na mchezo wa kumtupa nje kupitia dirishani kila mwalimu alipotoka. Kila mara alirudi ndani. Siku moja hakurudi, na hakuna aliyemfuata.

Kinubi chake alijifunza peke yake. Alizikaza nyuzi kwa kubahatisha, kinyume cha kanuni, na hata bega la kukiegemezea alilijua kwa kuona picha ya malaika mwenye kinubi katika duka. Alipopata fedha alitafuta walimu, nao wakawa wanakaa kumtazama badala ya kumfundisha. Kwa miaka mingi sisi tulikuwa na tabia ya kuchoka katika filamu za ndugu hawa kila kinubi kilipoletwa, kwa kuwa kichekesho husimama. Baada ya kuzijua habari hizi tulikitazama tena kile kisehemu cha A Night at the Opera ya mwaka 1935, ambapo Chico anapiga piano na Harpo anapiga kinubi melini, katikati ya wahamiaji maskini na watoto wao. Uso wa Harpo hubadilika. Makengeza na mashavu yaliyovimba hutoweka, na mtu mzima aliye makini hutokea, akisikiliza nyuzi zake. Hapo ndipo mahali pekee ambapo yule aliyetupwa dirishani anasema bila kukatizwa.

Wimbo usio na lugha

Tumemweka Chaplin mwisho, yule ambaye wenzetu waliosoma Kifaransa humwita Charlot. Kiswahili nacho kina neno chale kwa maana ya mchekeshaji, na si vigumu kusikia ndani yake mwangwi wa jina la Charlie.

Chaplin aliikataa sauti kwa ukaidi mkubwa. Katika City Lights ya mwaka 1931 wakubwa wa mji wanapotoa hotuba, kinachotoka vinywani mwao ni mlio tu kama wa filimbi iliyopasuka. Alipoitengeneza Modern Times alikwisha kuandika mazungumzo, kisha akayaacha. Mwaka 1936, zaidi ya miaka 8 baada ya The Jazz Singer, watu walikwenda kuisikia kwa mara ya kwanza sauti ya yule mzururaji mwenye kofia na bakora.

Katika onyesho hilo yeye ni mhudumu wa hoteli anayelazimika kuimba. Maneno hayamkai kichwani, basi binti aliye rafiki yake anamwandikia kwenye pindo gumu la mkono wa shati. Anaingia kwa mbwembwe, anatupa mikono, na pindo zote mbili zinaruka zikapotea. Binti anamwashiria kwamba aimbe tu, maneno yasimshughulishe. Naye anaimba, kwa tuni ya Mfaransa Léo Daniderff iliyokuwa ikijulikana, maneno yanayofanana na Kifaransa na Kiitaliano lakini hayana maana katika lugha yoyote. Kwa mikono na macho anasimulia habari ya mzee tajiri, msichana na pete, na kila mtu hotelini anaelewa.

Tukumbuke sasa ule ubao wa Laurel na Hardy. Pindo la shati lilikuwa ubao wa Chaplin, naye aliutupa. Walimu wa lugha tunaweza kulichukia onyesho hili, kwa kuwa linasema kwamba maneno si kitu. Sisi hatulisomi hivyo. Maneno yale ya upuuzi yalichaguliwa kwa sikio kali: yana vina, yana mapigo, yana adabu ya wimbo. Na kwa kuwa si lugha ya mtu yeyote duniani, hakuna mwenye lugha anayechekwa.

Iko habari nyingine ndogo inayolingana na hiyo. Muziki wa filamu hiyo umetajwa kuwa wa Chaplin, naye hakujua kuandika nota. Aliimba au kupiga vipande kwa kubahatisha, na kijana David Raksin, mwenye umri wa miaka 23, akawa miongoni mwa waliouweka katika maandishi. Walibishana hata Raksin akafukuzwa, kisha akarudishwa. Mojawapo ya tuni hizo ilitiwa maneno mwaka 1954 ikawa wimbo mashuhuri uitwao Smile. Mtu asiyejua hati ya muziki alikuwa na la kusema kwa muziki, na alihitaji mtu wa kumwandikia bila kumwibia sauti yake. Hatujui maelezo bora kuliko hayo ya kazi ya mwalimu wa uandishi.

Hitimisho

Wachekeshaji hawa hawakutufundisha kwamba makosa ya matamshi hayana uzito. Karamu si kalamu, na mwanafunzi ana haki ya kuijua tofauti hiyo. Kumnyima ni kumdanganya. Walichotufundisha ni kwamba kosa la ulimi huwa kichekesho chema pale tu ambapo mkosaji amelishika mwenyewe mkononi. Laurel na Hardy walilishika, Chico alilishika, Chaplin alilitengeneza kwa makusudi. Mwanafunzi wetu alinyang'anywa. Harpo alinyamaza kwa kuchagua, ingawa uchaguzi huo ulichochewa na maneno ya mhakiki. Yule mtoto wa milimani tulimnyamazisha sisi, wala hakuwa na kinubi.

Tangu tulipoyaelewa hayo, kila mwaka tuanzapo somo la matamshi, huwa tunaandika ubaoni sentensi mbili za Kihispania, lugha tusiyoijua, kwa tahajia ya Kiswahili. Tunasimama mbele ya darasa, tunajaribu kuzisoma, na wanafunzi wanacheka hadi machozi. Kisha tunawaeleza habari ya ubao uliokuwa nyuma ya kamera, na tunawaita mbele wawili wawili, wala si mmoja mmoja, wasome Kiswahili. Hatudai kwamba njia hii imetibu matamshi ya mtu. Tunaona tu kwamba wanaosimama ni wengi kuliko zamani.

Yule wa karamu alikwisha kuondoka kabla hatujaianza. Ikiwa wako wenzetu, katika nchi hii au kwa majirani, waliopata njia nyingine ya kusahihisha bila kumfunga mtoto kinywa, tunawaomba waziandikie kurasa hizi. Na katika mkutano ujao, wakati wa chai, atakayetaka kusimulia tena habari ya mashindano ya Chaplin na asimulie. Sisi tutaomba nafasi ya kusimulia habari ya ubao.